Fuwele Haivumilii

Kirushya, Ngara

Jenerosa mwanangu,

Umepanda bodaboda saa nane kwenda mjini kuchapisha tiketi na kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi shangazi yako anavyopenda kusimulia, hutarudi kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nina alasiri nzima, kalamu mbili na hasira ya kutosha. Nimekaa kibarazani. Mama yako yuko ndani anakunja upya nguo ulizokwisha kuzikunja mwenyewe.

Sitakuandikia habari za sweta, wala mahali pa kuficha pasipoti, wala kwamba basi likisimama Biharamulo usishuke. Hayo umekwisha kuyasikia, na kesho alfajiri utayasikia tena kupitia dirisha la basi, kwa sauti itakayowaamsha abiria wote. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia tangu ukiwa na miaka tisa, na jana jioni lilinitoka chini ya makalio likasimama mbele yangu.

Jana ulisoma kwenye simu ujumbe wa wale watu wa maabara ya ng'ambo, wenye mashine ya eksirei, pale jikoni, mama yako akichambua maharage.

"Wanasemaje hao?" akakuuliza.

"Wanasema nikifika niwakabidhi fuwele zangu. Fundi wao ndiye atakayezipandisha kwenye mashine. Mimi nitaangalia kwenye skrini, chumba cha pili. Na andiko likitoka, jina langu litakuwa mwishoni, pale wanapowashukuru waliosaidia."

"Waliosaidia nini? Nani alizipika?"

"Hazipikwi, mama."

"Nani alizikalia miaka miwili kama kuku juu ya mayai?"

"Mimi."

"Sasa?"

"Tutaona nikifika. Si vibaya. Wamenialika hata hivyo. Nishukuru tu."

Nilikuwa mlangoni navua gambuti. Nilisimama na gambuti moja mguuni. Sauti uliyoitumia kusema *nishukuru tu* haikuwa sauti yako, Jenerosa. Ilikuwa yangu. Na kabla yangu ilikuwa ya baba yangu. Niliitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha nyumbani kwao.

Tena usidhani nimesahau. Miezi mitatu iliyopita walipokuandikia mara ya kwanza kwamba uzitume hizo fuwele kwa ndege na wewe ubaki, nani alikuambia ukubali? Mimi. Nilisema, "Tuma, mwanangu. Watu wakubwa hao. Shukuru kwamba wamekujibu." Mama yako hakuniongelesha siku mbili, chakula alikiweka mezani kama anamwekea mpangaji. Wewe ulikataa, kwa adabu, peke yako, bila msaada wangu, nao wakakubali uende. Sasa wamesogeza uzio kidogo tu, na safari hii umeshauruka upande wao kabla hawajakuambia uruke. Hicho ndicho kilichonikasirisha. Sikukukasirikia wewe. Nilimkasirikia aliyekufundisha.

Nataka kwanza ujue kwamba Jumapili nilisikiliza. Ulidhani nasinzia baada ya misa. Nilikuwa nasikiliza, na kama mwalimu mstaafu wa sayansi ya shule ya msingi nina haki ya kurudia somo ili nione kama nimelielewa.

Ulisema hivi. Unachukua protini ile ambayo bakteria wa mnyauko huitumia kuingia ndani ya mgomba na kuulaza mgomba usijitetee. Unataka kulijua umbo lake, maana bila kujua umbo la kitasa hakuna atakayechonga kitu cha kukizuia. Ni ndogo mno, darubini haiioni. Kwa hiyo unaifanya ijipange, maelfu kwa maelfu, safu juu ya safu, mpaka iwe fuwele. Unaitia kwenye tone la maji lililoning'inia chini ya kifuniko, na chini yake unaweka maji yenye chumvi nyingi zaidi. Chumvi ile inalivuta tone, maji yake yanapungua polepole, protini zinakosa nafasi, zinaanza kupangana. Wiki, mwezi. Mara nyingi hakuna kitu. Mara nyingine kuna kitu kinachometameta, unafurahi, unakigusa kwa sindano, hakipondeki: ni chumvi. Ile yenyewe ukiigusa inapondeka kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Ulisema mara ya kwanza ilipopondeka ulicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu ulikuwa umeipata na umeiua.

"Maji yakiondoka polepole inaota, baba," ulisema. "Yakiondoka ghafla inakufa."

Nikakuuliza, kwa dharau kidogo, nakiri: "Kwa hiyo kitu laini kuliko ndizi mbivu, nusu yake maji, ndicho unachokwenda kukitia kwenye chumba kilichonyonywa hewa yote? Maji hayatachemka?"

"Yatachemka. Bila moto."

"Basi una wazimu."

"Baba, ngoja."

Ukanieleza. Eksirei unazozitaka wewe zina wimbi refu, ni dhaifu. Hewa inazimeza na kuzitawanya kabla hazijakifikia kipimo. Ndiyo maana wameiondoa hewa, wakaacha ombwe. Nikakuuliza kwa nini usitumie zile zenye nguvu zinazopita hewani kama kawaida. Ukasema hizo dhaifu ndizo zinazoiona salfa. Protini yako ina chembe chache za salfa, za kuzaliwa nazo. Zamani, na hata leo, ili watu wapate alama ya kuanzia kulichora umbo, huilowesha fuwele katika metali nzito ya kigeni, zebaki au dhahabu, na mara nyingi metali hiyo huivuruga. Kwa wimbi refu huhitaji kuitia kitu cha kigeni. Alama iliyozaliwa nayo inatosha.

Hapo nilifumba macho, nawe ukadhani nimesinzia. Mtu aliyeishi miaka yangu katika nchi ambamo hakuzaliwa, akisikia neno kama hilo, anahitaji kulirudia moyoni.

Kisha mama yako, aliyekuwa hataki kushindwa na mtu yeyote kwa maswali, akauliza: "Sasa haikauki kwa nini huko ndani?"

"Kwa sababu naigandisha, mama. Naiinua kwa kitanzi chembamba kuliko unywele, naipitisha kwenye maji yenye gliserini..."

"Gliserini ya kujipaka?"

"Ndugu yake. Halafu naitumbukiza kwenye naitrojeni iliyo kimiminika. Baridi karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Inaganda haraka mno, maji yaliyomo hayapati muda wa kuwa barafu."

"Yanakuwa nini?"

"Kama kioo cha dirisha. Yamesimama tu pale yalipokuwa. Barafu ingejipanga, ingetanuka, ingeipasua kutoka ndani. Na kwa baridi ile hata ukiondoa hewa yote, maji hayana nguvu ya kuondoka. Lakini ndani ya ombwe huwezi kuipulizia hewa baridi, maana hewa yenyewe hakuna. Lazima baridi ipite kwa kugusana, kupitia kishikio cha metali kilichoibeba. Kishikio kisipogusa vizuri, imekwisha."

Nami nikafumbua macho nikatoa hukumu yangu ya kijinga: "Basi hiyo fuwele ni shujaa. Inavumilia."

Ulinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama nikikosea hesabu ubaoni.

"Haivumilii, baba. Yenyewe haifanyi kitu. Kila kitu nimeifanyia mimi. Gliserini ikipungua, inapasuka. Nikichelewa kuitumbukiza, imekauka kitanzini. Ikifa, siyo kwamba ilikuwa na moyo mdogo. Ni kwamba kuna mtu hakufanya kazi yake."

Ukaendelea kumenya ndizi. Mimi nilibaki nayo siku nzima, na Jumatatu, na jana.

Maana tangu nivuke mpaka nikiwa na miaka minane, nyuma ya baba yangu aliyebeba kichwani mkeka na sufuria, hakuna sifa niliyopewa mara nyingi kama hiyo. Nilipokuwa nafundisha kule kambini Biharamulo, darasa langu lilikuwa turubai juu ya miti minne, watoto wameketi juu ya magogo, na mvua ikinyesha tulikuwa tunasimama wote katikati. Walikuja wageni wenye madaftari. Walitutazama, wakatikisa vichwa kwa upendo, mmoja wao akasema kwa mkalimani: "Ninyi ni watu wastahimilivu sana." Tukapiga makofi. Mimi niliwaongoza watoto kupiga makofi! Hakuna aliyeuliza nani aliyeondoa hewa. Hakuna aliyeuliza kishikio kiko wapi, na nani alitakiwa kukikaza. Walitusifu kwa kutokufa, wakaandika, wakaenda zao. Darasa liliendelea kuwa turubai mpaka nilipoliacha.

Na wale ambao hawakustahimili? Wapo. Kuna watoto niliowaita majina asubuhi moja, na wiki iliyofuata sikuwaita. Ukisema aliyebaki ana moyo mkubwa, umekwisha kusema kitu kuhusu aliyekufa, na ni uongo, na ni tusi.

Baba yangu alishukuru. Alishukuru kwa zizi la mbuzi tulilolalishwa. Alishukuru kwa shamba la mawe. Alishukuru kwa kuitwa kwa jina lisilo lake, kwa sababu mwenye shamba hakutaka kujifunza jina refu. Alikuwa akipokea kila kitu kwa mikono miwili, hata matusi. Mimi nilidhani ni adabu. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba ni hofu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Na nilipogundua, nilikuwa nimekwisha kuivaa.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Unakumbuka utaratibu wetu kabla ya mnyauko. Kwenye kilima kizima hapakuwa na mundu mrefu isipokuwa wa jirani yetu Mzee Stanslaus, ule aliokuwa ameufunga kwenye mpini mrefu wa mti ili ufike juu. Kila msimu alipita shamba hadi shamba akikata maua dume ya migomba, ili mkungu unenepe. Hakudai kitu; alipewa pombe ya ndizi, alikaa, alisimulia, akaenda kwa anayefuata na mundu wake begani, na utomvu umekauka juu yake. Hakuna aliyetuambia kwamba chuma kinahitaji kupitishwa motoni kati ya mgomba na mgomba. Tulikuwa tunaugawana ugonjwa kwa wema.

Mwaka ule nami nilikuwa nimeleta machipukizi kutoka Murusagamba, kwa binamu yangu aliyekaa kule karibu na mpaka. Niliyapanda bondeni, mwisho wa shamba, mbali na mengine. Yalipoanza kutoa majani, migomba ya juu, ile inayopakana na Stanslaus, ilianza kugeuka manjano. Ukikata tunda unakuta kahawia ndani na kitu kinachotoka kama usaha.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kitongoji akasema ugonjwa umeingia na lazima tujue umeingilia wapi. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Si yale machipukizi ya Mwalimu?" Watu wakageuka. Mwingine akadakia: "Mwalimu, wewe mwenyewe mgeni, na bado unatuletea wageni!" Wakacheka. Nami nilicheka. Hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote yaliyofuata: nilicheka pamoja nao.

Ndipo wewe, uliyekuwa umesimama mbele yangu na sare ya shule, ukasema kwa sauti ile ya kusoma darasani: "Ya Murusagamba hayajaugua. Bado ni ya kijani. Yaliyougua ni yale aliyokata babu Stanslaus."

Watu walinyamaza. Kwa muda wa pumzi moja tu, lakini walinyamaza. Mimi nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nilikaza mpaka nikasikia meno yako. Nikasema, "Tusameheni, wazee wangu. Mtoto huyu hajui."

Mtoto huyu hajui! Kwenye uwanja ule tulikuwa watu wazima kama mia, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa umekwenda kutazama. Ulikuwa umepita mgomba kwa mgomba, ukalinganisha wa juu na wa chini, ukaona kilichougua kimeguswa na nini na kisichougua hakijaguswa na nini. Nimefundisha sayansi miaka yote hiyo, na siku somo langu lilipomwingia mtoto mmoja sawasawa, nilimziba mdomo mbele ya watu.

Kesho yake walikuja na mapanga na majembe. Waling'oa shamba zima, hadi bondeni, hadi yale machipukizi ya kijani. Niliwapelekea maji ya kunywa. Niliwaambia asante kwa kazi. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe la kunolea, na hukunitazama.

Na kimya changu hakikumlinda mtu, Jenerosa. Ningekuwa nimenyamaza kilima kikapona, leo ningeweza kujidanganya kwamba nilijitoa sadaka. Mundu uliendelea kupita. Msimu uliofuata shamba la Stanslaus lilikwisha, na la mwenyekiti, na la yule mama aliyenitaja. Mpaka bwana shamba alipokuja kutufundisha kukata ua kwa kijiti chenye panda na kuchoma kila chuma, kilima kilikuwa cha mihogo na maharage. Nilikuwa na ukweli uliotoka kinywani mwa mwanangu, nikauona hauna thamani kwa sababu ni wetu.

Kwa nini nilifanya hivyo? Niliogopa. Nilijiambia kwamba mtu wa kuja hana kesi dhidi ya mwenyeji. Nilijiambia kwamba wakikasirika tutahama tena, na mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako. Hizo ni sababu za kweli, sizikatai. Lakini nilipaswa kukuambia nyumbani, jioni ile, mlango ukiwa umefungwa: ulisema kweli, nami niliogopa. Sikukuambia. Nilikuacha uamini kwamba ulikosa adabu. Na jana, wewe mwanamke wa kupanda ndege, mwenye fuwele ambazo hakuna mwingine aliyewahi kuzipata, nikakusikia ukijiziba mdomo mwenyewe, bila mtu kukugusa.

Leo asubuhi ulipokuwa kisimani, Mzee Stanslaus alikuja na mkungu mdogo wa kukuagia. Unajua miguu yake ilivyo sasa. Alipumzika mara tatu kutoka kwake mpaka hapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Binti yetu anaondoka na basi gani?"

"La alfajiri." Halafu sijui kilichonisukuma. Nikasema, "Mzee, yale machipukizi yangu ya Murusagamba hayakuwa na ugonjwa."

"Yapi?"

"Mliyoyang'oa."

Aliuweka mkungu chini. Alikaa. Nilidhani atakasirika, nikajiandaa, na nakuambia ukweli, mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuanza kutafuta neno la kuomba radhi.

"Ulikuwa mundu wangu," akasema.

"Ulijua?"

"Bwana shamba alipotufundisha moto, nilikaa nikahesabu mashamba niliyopita. Nilihesabu moja moja. La kwako lilikuwa la pili."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema? Si ndiye uliyesoma?"

Tukatazamana, wazee wawili wapumbavu. Nikamuuliza, "Ningesema siku ile, mngenisikiliza?"

"Wewe? Hapana." Hakusita hata kidogo. "Tungekwambia urudi kwenu."

"Na mtoto?"

Alifikiri. Alifuta kamasi kwa nyuma ya mkono. "Mtoto tungemcheka. Tungemcheka sana. Lakini mimi kesho yake ningekwenda bondeni kutazama. Nilitaka kwenda, Mwalimu. Halafu wewe ukasema hajui, nami nikasema, basi, baba yake mwenyewe anasema hajui."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Sikuongeza kitu.

Kwa hiyo sina ushauri wa jinsi ya kuwashinda hao watu wa mashine. Huenda ni watu wema. Stanslaus ni mtu mwema. Amekuja kwa miguu mibovu kukuletea ndizi. Wema wao hautoshi, na ubaya wao si lazima. Wanachohitaji ni mtu wa kusema kilichopo, kwa sauti ya kawaida, kabla kazi haijaanza: fuwele hizi nimeziotesha mimi, najua zinapasuka kwa gliserini kiasi gani na zinakauka kwa muda gani, mkono utakaozipandisha ni wangu, na jina langu litakaa mahali kazi yangu ilipo. Watakucheka, au watatabasamu kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Waache. Kati yao yupo mmoja atakayekwenda kutazama. Lakini huyo hatakwenda kama wewe mwenyewe umemwambia hujui.

Wala usiende kwa niaba yangu. Sikutumi ukalipe kisasi cha migomba. Mimi kesi yangu nimeimaliza leo asubuhi kwa kuchelewa, hapa hapa kibarazani. Ya kwako ni mpya.

Lakini kuna jambo moja ambalo baba yangu hakuniambia, na mimi sikukuambia, na bila hilo maneno yangu yote ni kelele. Nimekuambia useme kweli, sijakuambia utarudi wapi. Mtu hawezi kusema kweli kama anadhani hana mahali pa kurudi. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Basi sikia. Wakikataa kabisa, wakikuambia ukabidhi au uondoke, usikae hiyo miezi sita ya mwaliko wao katika chumba cha pili ukiangalia skrini na kujiambia kwamba una moyo mkubwa. Funga chombo chako cha naitrojeni, hicho unachozisafirishia, chukua fuwele zako, panda ndege, panda basi, njoo. Zikifia njiani, zifie mikononi mwako. Utaotesha nyingine, umekwisha kujua njia. Mtaa huu utasema. Shangazi yako atasema kuliko mtaa. Mama yako atapika.

Nami nitakuja kukupokea stendi ya Ngara, na nakuapia, mwanangu, sitakuuliza kwa nini hukuvumilia.

Ni mimi, baba yako.